Igizo la mtu mmoja juu ya msiba wa baba: nawezaje kuzuia ukumbi usigeuke matanga?

Swali
Habari zenu wanajukwaa. Ninaandaa igizo la mtu mmoja kuhusu kifo cha baba yangu, kuanzia simu ya usiku hadi arobaini. Katika mazoezi, kila nifikapo pale ndugu wanapogawana nguo za marehemu, na shati lake la kazi likakosa wa kulichukua kwa kuwa kola imechakaa, wenzangu wanaotazama huanza kunipa pole. Tangu hapo ninakuwa mfiwa, si mwigizaji tena. Wazoefu wa jukwaa mnalimudu vipi jambo hili?

Jibu la kwanza
Pole kwa msiba, ndugu. Tazama mbinu ya Every Brilliant Thing, igizo la Duncan Macmillan na Jonny Donahoe wa Uingereza, ambamo mtoto wa miaka saba, baada ya mama yake kujaribu kujiua, anaanza kuorodhesha mambo yanayoyafanya maisha yawe na thamani. Taa za ukumbi hazizimwi. Kabla ya kuanza, mwigizaji hugawa vikaratasi vyenye namba, na namba ikitajwa aliyenacho husoma kwa sauti. Mtazamaji mwingine huombwa awe baba. Mtu aliyepewa kazi hapati nafasi ya kukupa pole.

Jibu la pili
Mbinu hiyo ni nzuri, ila mimi ningeanzia nyumbani, kwa watani, yaani watu wa kabila lenye ruhusa ya kimila kutaniana na la marehemu. Marehemu akiwa Mnyamwezi, Mzaramo huja msibani akaiga mwendo na sauti yake, akadai madeni ya uongo, pengine hata akajilaza kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Huyo tayari ni mwigizaji, tena ana idhini ya ukoo. Mpe lile shati: alivae, alisifie kola, adai na suruali yake. Watu wakishacheka, ukimya utakaofuata utakuwa mikononi mwako. Mwingize mapema, maana asiyeujua utani, hasa ukicheza nje ya Tanzania, atadhani marehemu anatukanwa.

Jibu la tatu
Naunga mkono la mtani. Nyongeza yangu ni kwamba mama na ndugu zako waone onyesho zima faraghani kabla ya tiketi kuuzwa, kwa sababu kugawana nguo za marehemu ni jambo la ukoo mzima, na aliyelikataa shati anaweza kuwa ameketi mstari wa mbele.