Tupeane uzoefu: tunaoishi kando ya njia za Safari Rally

Wanajamvi, tangu Safari Rally, mbio za magari za Kenya, irejeshwe kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukaa nje kwa miaka 19, tunachosimuliwa ni habari za madereva tu. Naomba wenyeji wa Kedong, Loldia, Elmenteita na kwingineko waeleze wiki ya mbio huwapitiaje. Naanza mimi. Nina vyumba vitatu vya kupangisha Karagita, Naivasha, na mwaka 2023 nilimwomba mpangaji wangu wa miaka mitano anipishe kwa siku nne ili nipokee wageni kwa bei mara tatu ya kawaida. Fedha niliipata, ila mpangaji alirudi kuchukua vyombo vyake tu.

*Mfugaji wa Kedong:*
Vumbi la huku ni laini kama unga wa muhogo, na gari likishapita hubaki hewani muda mrefu, likatua kwenye majani wanayokula ng'ombe. Mwaka wa kwanza hatukujua njia ingefungwa saa ngapi, tukashinda na mifugo juani hadi alasiri huku maji tukiyaona ng'ambo. Mwaka uliofuata wazee walidai ratiba mapema, na vijana wawili wa boma letu wakapewa kibarua cha kuzuia watu na mifugo wasivuke. Nilikuwa mmoja wao. Ng'ombe wa kwanza niliowarudisha walikuwa wa baba yangu, naye hakunisemesha hadi jioni.

*Mama Chapati:*
Mimi sina malalamiko. Huuza unga mfuko mzima kabla ya saa nne asubuhi, ingawa takataka wanazoacha wageni hufagiwa na sisi wenyewe.

*Mzee wa Usambara:*
Mnasahau kwamba mashindano haya, yaliyoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, zamani yalipita Kenya, Uganda na hata huku kwetu. Barabara haikufungwa, kwa hiyo basi la abiria na gari la mbio vilikutana kwenye kona moja. Usiku mmoja wa Pasaka, mvua ikinyesha, baba alituamsha tukasukume gari lililozama kwenye tope mbele ya nyumba. Lilipochomoka halikusimama, nasi tukarudi ndani tukiwa tope tupu, mama akakataa tusipande kitandani.