Naomba ushauri: haibiskasi yangu imegoma kutoa maua

Habari zenu wapendwa. Nina haibiskasi nyekundu kwenye ndoo ya lita 20, naishi ghorofani hapa Dar. Kibarazani jua linaingia saa moja mpaka saa tatu asubuhi, baada ya hapo ukuta wa jirani unalikata. Majani tele, matawi yameinamia kwenye mwanga, ua hakuna.

Mwezi uliopita nikaipandisha juu ya paa, jua la kutwa. Siku ya tatu majani ya juu yakababuka, madoa meupe kama karatasi, na vitumba viwili nilivyokuwa navichungulia kila asubuhi vikadondoka. Niliumia jamani!

Najua inataka masaa sita hivi ya jua. Sasa niizoeshe kidogo kidogo, au nifunge neti ya kivuli kule juu? Lile jua la saa saba mchana ninyi mnaliachia?