SSD ya TB 4 kwa bajeti ya 1,200,000: kati ya hizi nichukue ipi?

Mhariri_Temeke

Wakuu, habari za kazi. Natafuta SSD kubwa kwa kazi ya kuhariri video za harusi na makongamano. Mashine ni desktopu, ubao mama una sloti moja ya M.2 (ya SSD nyembamba zinazochomekwa kwenye ubao) iliyo wazi na poti nne za SATA (za diski za kebo). Windows 11 inakaa kwenye SSD ya SATA ya GB 500. Kila wiki naingiza kama GB 300 kutoka kwenye kadi za SD, nahariri, namkabidhi mteja, halafu faili ghafi nazitunza miezi mitatu.

Kariakoo nimepewa bei hizi:

- Samsung 990 PRO, M.2, TB 4: 1,350,000
- Samsung 870 QVO, SATA, TB 4: 1,150,000
- SSD ya seva iliyotumika, inchi 2.5, TB 3.84: 700,000 (muuzaji anasema "hii ni SATA ya kawaida tu")
- SSD ya nje ya USB iliyoandikwa TB 16: 150,000
- Lexar NM790, M.2, TB 2: 620,000

Bajeti inaishia 1,200,000. Hiyo ya seva inanivutia kwa bei, na hiyo ya TB 16 sijaielewa kabisa. Naombeni mwongozo.

Fundi_Bodi

Ya TB 16 ifute kwenye orodha kabla hatujaendelea. SSD za kawaida za madukani, iwe M.2 au SATA ya inchi 2.5, zinaishia TB 8. Zinazozidi hapo ni za seva na bei zake ni za seva. Hizo za 150,000 ukifungua kasha lake mara nyingi unakuta kadi ya microSD ya GB 32 au 64 imechomekwa kwenye kibao kidogo cha USB, na chipu imechezewa ili iidanganye Windows kuhusu ukubwa. Hatari yake ni kwamba haikatai kuandika. Inapokea kila kitu, majina ya faili unayaona, ukubwa unauona, ila data ikizidi nafasi halisi inaandikwa juu ya ile ya mwanzo au inatupwa. Unajua siku unafungua video ya mteja na haichezi.

Diski yoyote ya USB unayotilia shaka, nenda dukani na laptopu yenye ValiDrive. Inagusa sehemu 576 kuanzia mwanzo wa diski hadi mwisho, inaandika na kusoma, na muuzaji hana haja ya kusubiri siku nzima. Nyumbani ndiyo unafanya jaribio kamili: H2testw kwa Windows, au f3write kisha f3read kwa Linux na Mac. Kuijaza TB 4 kwa kasi ya MB 450 kwa sekunde kunachukua kama saa mbili na nusu, na kuisoma upya ni muda wa karibu huohuo. Fanya hivyo ukiwa bado ndani ya siku ulizopewa za kurudisha, na diski ikiwa bado tupu.

Kaka_Storeji

Ya QVO pia achana nayo mkuu. Hiyo ni QLC, biti nne kwenye kila seli, inachakaa haraka sana. Kwa mtu wa video itakufa mapema. Tafuta TLC, ya biti tatu kwa seli.

Mama_Data

Ndugu Kaka_Storeji, kwamba TLC ni bora nakubali, ila sababu uliyotoa siyo. Tupige hesabu ya huyu bwana. GB 300 kwa wiki ni TB 15.6 kwa mwaka. Ongeza faili za muda za programu ya kuhariri na kazi anazotoa, tuseme inakuwa mara mbili, TB 31. QVO ya TB 4 imeandikiwa TBW 1,440, yaani waranti inabeba TB 1,440 za kuandika au miaka 3, chochote kitakachotangulia. Kwa TB 31 kwa mwaka anahitaji miaka zaidi ya 40 kuzimaliza. Hata diski yenye TBW 800 ingemtosha.

Tatizo la QLC kwake ni kasi inapoandika mfululizo. Diski hizi zinatenga sehemu ya seli na kuziandika kwa biti moja moja, ndiyo kashe. Kwenye QVO ya TB 4 kashe ni GB 78. Zikijaa, kasi inashuka kutoka MB 530 kwa sekunde hadi MB 160. Na katika hizo GB 78, ni GB 6 tu zilizo za kudumu. 72 zilizobaki zinaazimwa kwenye nafasi iliyo wazi. Ukiijaza diski hadi pomoni, unabaki na hizo 6.

Sasa tazama kazi yenyewe. Kadi ya SD ya kawaida, aina ya UHS-I, haivuki MB 104 kwa sekunde. Kwa hiyo anapoingiza video kutoka kwenye kadi, QLC haimcheleweshi hata kidogo, kadi ndiyo ya polepole. Atakapoumia ni akihamisha mradi wa GB 300 kutoka diski moja kwenda nyingine: kwenye QVO ni kama dakika 26, kwenye SATA ya TLC ni kama dakika 10.

Kwa hiyo QVO ni diski nzuri ya kutunzia na kusomea. Ila kwa 1,150,000 sioni sababu ya kuinunua.

Fundi_Bodi

Naunga mkono. Gawanya bei kwa TB uone: 990 PRO ni 337,500 kwa TB, NM790 ni 310,000, QVO ni 287,500. Tofauti ya QVO na NM790 kwa kila TB ni 22,500 tu, na NM790 ni TLC, TBW 1,500 kwa hiyo ya TB 2, waranti miaka 5. Haina DRAM (kumbukumbu ya haraka) yake, inaazima kipande kidogo cha RAM ya mashine. Kwa kuhariri video hutaona tofauti.

Uingie dukani ukiwa na jina kamili la modeli, usiridhike na "SSD ya kampuni fulani". Mwaka 2021 Crucial P2 ilibadilishwa kutoka TLC kwenda QLC huku jina likibaki lilelile. Kingston NV2 nayo iliuzwa bila mtengenezaji kujifunga kwa aina moja ya seli. Karatasi ya modeli ikitaja kasi ya kusoma tu na kukaa kimya kuhusu seli, chukulia ni QLC na bei yake uipime kama QLC.

Mhariri_Temeke

Asanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Hiyo ya seva je? Nimerudi nikaiangalia. Ni nene, karibu milimita 15, na kwenye soketi yake ile sehemu ya katikati haina pengo, imejaa plastiki. Lebo inasema PM1643.

Seva_Nairobi

Iache hapo ilipo. PM1643 ni SAS, kiunganishi cha seva, na kwenye poti zako za SATA haiingii. SATA ina pengo dogo kati ya upande wa data na upande wa umeme, na lile plastiki uliloliona limewekwa makusudi ili usiweze kuichomeka. Ungelazimika kununua kadi ya HBA ya SAS (kadi ya kuunganishia diski hizo kwenye ubao) na kebo yake. Tena nyingi za aina hiyo zinatoka kwenye mashine kubwa za kuhifadhi data zinazotumia sekta za baiti 520; Windows inaiona diski lakini haiwezi kuitumia hadi uifomati upya kwa sg_format kwenye Linux, kwa --size=512. Kazi hiyo inachukua muda, na umeme ukikatika katikati inabidi uanze upya.

Ukitaka ya seva inayoingia kwako, uliza PM883 au PM893 za TB 3.84. Hizo ni SATA kweli, unene milimita 7, TLC, na zina kapasita za kumalizia kuandika umeme ukikatika ghafla, kitu ambacho desktopu isiyo na UPS inakihitaji sana. PM893 ya TB 3.84 imeandikiwa TBW 7,008, hivyo hata iliyotumika nusu bado ina umri mrefu kuliko nyingi mpya. PM983 iache, hiyo ni NVMe, siyo SATA: ni ya U.2 (soketi ya seva) au M.2 ndefu ya 22110 (milimita 110), na mbao nyingi za kawaida zinaishia 2280 (milimita 80).

Usinunue iliyotumika bila kuisoma kwanza. Fungua CrystalDiskInfo, au smartctl -a, uangalie saa ilizowashwa na jumla ya alichoandika mtu wa kwanza. Kwenye Samsung za SATA jumla hiyo iko mstari wa 241, kwa LBA, yaani vipande vya diski: zidisha kwa 512 upate baiti. Ukiona LBA bilioni 781, hiyo ni TB 400, diski changa kabisa kwa PM893. Ukikuta saa 3 na TB 0 kwenye diski ya seva yenye mikwaruzo ya skrubu, kumbukumbu zimefutwa. Muuzaji anayekataa usiisome, ameshakupa jibu.

Mama_Data

Kwa bajeti yake bado ningenunua NM790 ya TB 2 kwa 620,000 iwe diski ya kazi, ikibeba miradi iliyo mkononi na faili za muda. Zinabaki 580,000, tafuta HDD (diski ya sahani zinazozunguka) ya TB 4 ya kutunzia faili ghafi za miezi mitatu. Faili hizo hazihitaji kasi ya SSD. Na SSD inayofungiwa kabatini bila umeme haifai kuwa ghala: kiwango cha JEDEC (shirika la viwango vya chipu) kinaitaka SSD ya kawaida iliyomaliza TBW yake itunze data mwaka 1 bila umeme kwa nyuzi 30. Mpya inatunza muda mrefu zaidi, lakini chumba cha Dar mwezi wa pili kinapita nyuzi 30, na joto ndilo linalovujisha chaji kwenye seli.

Usisubiri bei zishuke mwezi ujao, kazi inadai diski sasa. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za chipu za NAND, ambazo ndizo zinazotunza data ndani ya SSD, zimepanda kwa sababu vituo vya data vya AI vinanunua kwa wingi.

Seva_Nairobi

Risiti iwe ya EFD (kwa wa huku Kenya, ya eTIMS) na serial namba ya diski iandikwe juu yake. Linganisha namba ya kwenye boksi, ya kwenye lebo ya diski na ya kwenye CrystalDiskInfo. Zikipishana, rudisha palepale. Wanaoagiza Dubai waulize kwanza waranti inadaiwa nchi gani; M.2 yenyewe haifiki gramu 10, usafiri si tatizo, ila kuirudisha kwa muuzaji wa kule ndiyo shughuli.

Fundi_Bodi

Ukishanunua: soma kitabu cha ubao mama. Mbao nyingi ukichomeka M.2, poti moja au mbili za SATA zinazimika, na ukiwa umeweka HDD hapo utadhani imekufa. Chomeka M.2 kwa mshazari, isukume hadi mistari ya dhahabu karibu yote iingie, ndipo uilaze na kufunga skrubu. Skrubu ni M2 ndogo, mara nyingi iko kwenye boksi la ubao na imeshapotea, nunua mapema. Weka hitisinki juu ya lebo, lebo usiibandue, waranti inaondoka nayo.

HDD ya TB 4 Windows ikikuuliza mfumo wa kuigawa, chagua GPT, siyo MBR ya zamani. Ukichagua MBR utaona GB 2,048 zinazotumika na GB kama 1,678 zimebaki "Unallocated" ambazo hazikubali kufomatiwa. Kwenye diski iliyo tupu dawa ni diskpart, select disk na namba yake, clean, convert gpt. Hakiki namba ya diski mara mbili kabla ya clean, maana inafuta bila kuuliza. Na ukiona TB 3.63 badala ya 4 usirudi dukani kulalamika: mtengenezaji anahesabu kwa elfu elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Mhariri_Temeke

Nimechukua NM790 pamoja na HDD ya TB 4, risiti ina namba zote mbili. H2testw inaendelea kwenye HDD, inaonyesha MB 118 kwa sekunde. Hiyo ni sawa?

Fundi_Bodi

Sawa kabisa kwa HDD. Itashuka kidogo ikielekea mwisho, njia za duara za ndani ya sahani ni fupi kuliko za nje. Kuandika peke yake kutapita saa tisa, iache usiku kucha na uzime sleep ya Windows.