Elli, ajuza aliyempigisha Thor goti: nimjengeje bosi asiyeshindika?

KalamuYaPikseli (Umoja)

Wadau, habari za jioni. Naunda gemu ndogo ya simu kwa Godot 4, programu ya kuundia magemu, kuhusu safari ya Thor, mungu wa radi wa Wanorse, kwenda kwenye ngome ya Utgarda-Loki. Kilele chake ni mieleka kati ya Thor na Elli, bikizee aliyemlea mwenye ngome. Mchezaji anagonga skrini ili Thor avute, na kila akigonga nguvu inaongezeka.

Nina shida tatu. Elli hatakiwi kushindwa, na hilo silibadilishi, lakini wanaojaribu gemu wanadhani imeharibika na wanaifunga. Wenye vidole vyepesi nao wanamwangusha, jambo ambalo halifai kabisa. Tena kwenye simu ya zamani yenye RAM ya GB 2 pambano linachukua muda mrefu kuliko kwenye simu mpya, ingawa msimbo ni uleule. Kwa sasa Elli ana mstari wa uhai kama bosi (adui mkuu wa gemu) mwingine yeyote, na nimemchora na kucha ndefu na macho mekundu. Nianzie wapi?

MsomajiWaEdda (Kilimani)

Anza kwa kuuondoa huo mstari wa uhai. Ukiuweka juu ya kichwa cha adui, umemwahidi mchezaji kwamba ukiisha atashinda. Usipoisha anaona ametapeliwa, na ana haki.

Halafu rudi kwenye kisa chenyewe, maana mpangilio wa pambano umeshawekwa mle. Elli yumo katika Gylfaginning, sehemu ya Edda, kitabu cha Snorri Sturluson chenye visa vya miungu ya Wanorse, kilichoandikwa Iceland karibu na mwaka 1220. Thor anafika kwenye mieleka akiwa tayari amefedheheka mara mbili. Amekunywa kwenye pembe kwa mikupuo mitatu bila kuimaliza, kisha amejaribu kumwinua paka na kuambulia kuunyanyua mguu mmoja tu. Kwa hasira anadai yeyote aje wapigane. Utgarda-Loki anatazama kwenye mabenchi, anasema hakuna aliye mle asiyeona ni kujishusha kupigana naye, kisha anaagiza aitwe mlezi wake mkongwe. Thor anapozidi kukaza ndipo Elli anapozidi kusimama imara. Baadaye bikizee anaanza mbinu zake, miguu ya Thor inalegea, na haikawii anapiga goti moja. Goti moja tu, haanguki chali. Hapo Utgarda-Loki anaingilia na kusimamisha.

Ukifuata mfuatano huo una awamu tatu bila kubuni chochote: kukaza, ngwala, goti. Na siri hutoboi ukumbini. Ifichue asubuhi yake, nje ya lango, kama ilivyo kwenye kisa: pembe ilikuwa imeunganishwa na bahari, paka alikuwa Jörmungandr, nyoka aizungukaye dunia, na ajuza ni Uzee wenyewe, ambao humwangusha kila aishiye hadi kuufikia. Utgarda-Loki anakiri pale kwamba ilikuwa ajabu kubwa Thor kustahimili muda mrefu vile na kuishia goti moja. Sentensi hiyo ndiyo zawadi ya mchezaji wako. Mtajie papo hapo sekunde alizosimama, na usiweke popote ukurasa wa "Umeshindwa".

Kuhusu kucha na macho mekundu, yafute. Hofu yote ya tukio hili inatokana na kwamba ni bibi wa kawaida.

MsimboSafi (Kasarani)

Niseme kuhusu simu. Pambano kurefuka kwenye simu dhaifu ni dalili kwamba unapunguza thamani kwa kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye skrini. Simu inayotoa fremu 30 kwa sekunde inapunguza nusu ya mara ambazo simu ya fremu 60 inapunguza. Hamishia hesabu zote ndani ya `_physics_process`, ambayo kwa kawaida hupiga mara 60 kwa sekunde, na kila kinachobadilika kwa muda kizidishe kwa `delta`, yaani muda uliopita tangu mpigo uliotangulia. Ukilainisha mwendo kwa `lerp` (kusogeza thamani kidogokidogo kuelekea nyingine), usiweke 0.1 tupu, weka `1 - exp(-k * delta)`, la sivyo utaurudisha ugonjwa uleule kupitia mlango wa nyuma.

Wanaomwangusha Elli wana sababu mbili. Ya kwanza huenda ni kugusa kunakohesabiwa mara mbili. Godot huja ikiwa imewasha kipengele cha Emulate Mouse From Touch (kuiga kipanya kwa mguso), kwa hiyo msimbo wako ukisikiliza `InputEventScreenTouch` na `InputEventMouseButton` kwa pamoja, kidole kimoja kinaleta matukio mawili. Chagua moja. Ya pili ni kwamba nguvu ya mchezaji haina dari ilhali ya Elli umeiandika kama namba isiyobadilika. Hesabu migusano kwenye `_input`, iweke kwenye orodha pamoja na muda wake, kisha kwenye `_physics_process` tupa yote iliyozidi sekunde 2. Inayobaki iite M, na dari yake iwe 16, yaani migusano 8 kwa sekunde. Anayetumia programu ya kugonga yenyewe hapati chochote cha ziada.

Kisha badala ya uhai wa Elli, weka usawa wa Thor. Unaanzia 100 na hauongezeki kamwe. Kila sekunde unapungua kwa 1 + M × 0.25. Anayegonga kwa fujo ana M ya 16, kwa hiyo anapoteza 5 kwa sekunde na hata bila ngwala angedumu sekunde 20. Anayegonga mara 2 kwa sekunde ana M ya 4, anapoteza 2, na anaweza kufika sekunde 50. Ila M ikishuka chini ya 4, Elli amkumbatie na usawa upungue kwa 4 kwa sekunde; bila kanuni hiyo mtu ataweka simu mezani na kuvunja rekodi ya kila mtu.

Ngwala zianze sekunde ya 12, kisha kila baada ya sekunde 5. Kisigino cha Elli kisogee nusu sekunde kabla, na mchezaji atelezeshe kidole upande wa pili. Akikosa, toa 10. Piga hesabu uone: mwenye fujo anafika sekunde ya 12 akiwa na 40, anakula ngwala anabaki na 30, sekunde ya 17 ana 5, ngwala ya pili inampigisha goti. Mtulivu anayeziona ngwala anasimama karibu mara tatu ya muda huo. Kanuni ya kisa imeingia kwenye vidole bila maelezo hata ya mstari mmoja.

KalamuYaPikseli (Umoja)

Ahsanteni sana. Huo usawa wa Thor nimeuelewa, na macho mekundu nayafuta. Sasa mchezaji atajuaje kwamba kuvuta kwa nguvu ndiko kunakomwangusha, kama hakuna mstari wowote? Na je, nisiweke ushindi wa siri kwa atakayefikisha sekunde 50 bila kukosa ngwala hata moja?

RangiNaMwendo (South B)

Miili ndiyo iseme. Mchore Thor akiwa na hatua nne za mkao: mgongo wima, mgongo umeinama, kisigino cha kushoto juu, goti likipinda. Badilisha kwenye usawa wa 75, 50 na 25. Elli afuate M: ikipanda, nyayo zake zitanuke na kiuno kishuke kidogo, lakini uso wake usibadilike. Mabega ya Thor yahemee, ya Elli yasitikisike. Fremu 6 za kusubiri zinamtosha Elli. Thor mpe zaidi, kwa sababu jicho la mchezaji liko kwake.

Kwa ngwala, tazama glíma, mieleka ya Iceland inayochezwa hadi leo. Wachezaji hushikana kwenye mikanda ya kiunoni na mapajani, husimama wima, na huzunguka kwa hatua za kufuata mwelekeo wa saa huku kila mmoja akivizia. Ina mbinu kuu nane. Kwa gemu ndogo chukua mbili tu, ya kunasa kisigino na ya kuinua kwa nyonga, ili mchezaji ajifunze kuzitofautisha kwa mguu unaotangulia. Wakiwa wanazunguka, hakikisha miguu ya Elli haifichwi na ya Thor kwenye ile nusu sekunde ya onyo. Ikifichwa, mchezaji atalalamika kwamba ngwala haionekani, na atakuwa sahihi. Dawa rahisi ni kuzuia ngwala hadi Elli awe upande wa mbele wa duara.

Usitegemee sauti kwa onyo hilo. Gemu ya simu hapa Nairobi inachezwa ndani ya matatu, muziki ukiwa juu. Tumia `Input.vibrate_handheld(60)` kisigino kinaposogea. Ruhusa ya Vibrate lazima uitie alama kwenye mipangilio ya kuhamishia Android. Usipofanya hivyo simu haikupi ujumbe wa kosa, haitetemi tu.

MsomajiWaEdda (Kilimani)

Ushindi wa siri usiweke, ndugu yangu. Siku mtu mmoja akirekodi video ya Elli chini, wote wanaofuata watacheza wakiutafuta, na maneno ya pale langoni yatakuwa ya uongo. Anayefika sekunde 50 mpe jambo dogo zaidi: badala ya Utgarda-Loki kuongea akitabasamu, aongee akiwa ameshika kitasa cha lango. Kwenye kisa anakiri kwamba angejua nguvu za Thor asingemruhusu kuingia, kwa hiyo hofu hiyo ni yake kihalali.

Swali la mchezaji kuelewa linajibiwa kabla ya Elli. Wenzake Thor nao walijaribiwa kwanza. Loki, ambaye si Utgarda-Loki, alishindana kula na Logi: walikutana katikati ya hori, lakini Loki alikuwa amekula nyama tu, Logi amemaliza nyama, mifupa na hori lenyewe, kwa kuwa alikuwa moto. Thjalfi, mtumishi wa Thor, alikimbia mara tatu na Hugi, ambaye ni wazo la Utgarda-Loki, na kila mara aliachwa mbali zaidi. Mbio za tatu hakufika hata katikati. Hizo mbio zijenge kwa sekunde 15 kila moja, na kasi ya Hugi ipande kwa kadiri mchezaji anavyogonga. Kwenye pembe, mkupuo wa kwanza na wa pili upunguze kiwango kidogo sana, wa tatu uonekane wazi kidogo. Mchezaji akifika kwa bibi ameshaonja mara kadhaa kwamba kwenye ukumbi huu juhudi haizai inachozaa kwingine, na hataifunga gemu.

MsimboSafi (Kasarani)

Naongeza moja kuhusu ile simu ya GB 2: kama unatumia kichoraji cha Godot kiitwacho Mobile, kinategemea Vulkan, teknolojia ya kuchora picha, na simu nyingi za zamani haziimudu vizuri. Gemu ya pande mbili kama hii ihamishie kwenye kichoraji cha Compatibility, kisha pima upya muda wa pambano kwenye simu zote mbili bila kugonga kabisa. Zote zinapaswa kumpigisha Thor goti kwenye sekunde ya 20, maana ngwala mbili zinaongezwa juu ya ile 4 kwa sekunde. Zikitofautiana, kuna mahali umesahau `delta`.