Naomba ushauri: Nitatofautishaje njia mbili za kifo cha seli T?

Ndugu wataalamu, assalaam aleikum. Ninasoma shahada ya uzamili hapa Mombasa na ninaandaa pendekezo la utafiti kuhusu kifo kilichopangwa cha seli za kinga, ambacho Kerr, Wyllie na Currie walikipa jina la apoptosisi mwaka 1972.

Ninavyoelewa, seli T (aina ya seli nyeupe za kinga) iliyokwisha kupambana na vimelea huweza kufa kwa amri ya nje, pale ligandi ya Fas (molekuli ya ishara) inaposhikamana na kipokezi chake, Fas, kwenye utando wa seli na kuamsha kaspesi 8, mojawapo ya vimeng'enya vinavyotekeleza kifo hicho. Au kwa kukosa ishara za uhai, pale intalukini 2 (protini inayoziambia seli T ziendelee kuishi) inapopungua, protini ya Bim inayochochea kifo ikaishinda Bcl-2 inayokizuia, mitokondria (vitoa nishati vya seli) zikavujisha protini yao ya saitokromu c na kaspesi 9 ikaamka. Njia zote mbili huishia kwenye kaspesi 3, na hapo ndipo ninapokwama, kwa kuwa kipimo cha kaspesi 3 kitanionyesha kwamba seli inakufa bila kunieleza ni ishara ipi iliyoiua. Jambo hili si dogo: watu waliozaliwa na hitilafu katika jeni ya Fas huvimba tezi za limfu na wengu, na kinga yao huweza kushambulia chembe za damu yao wenyewe.

Je, nitumie vizuizi vya kaspesi 8 na 9, ingawa huweza kugusa kaspesi nyingine pia, au nipime saitokromu c iliyovuja? Nitashukuru hasa kwa maoni ya aliyefanya kazi hii kwa darubini tu.