Naomba ushauri: neno "roji" kwenye filamu za Kenji Nakagami

Wakuu, habari zenu. Nina jambo limenikwamisha wiki ya pili sasa.

Kikundi chetu cha usomaji, watu 12, kinataka jioni ya filamu kuhusu Kenji Nakagami, mwandishi wa Japani (1946–1992). Alizaliwa Shingu katika jamii ya burakumin, watu waliotengwa kwa vizazi kwa sababu ya kazi kama kuchinja na kutengeneza ngozi. Daraja hilo lilifutwa kisheria mwaka 1871, lakini ubaguzi ukaendelea kwenye ndoa na ajira.

Nina filamu mbili: Himatsuri (1985), ambayo skripti aliiandika mwenyewe, na Sennen no Yuraku (2012) ya Koji Wakamatsu, iliyotokana na kitabu chake. Hii ya pili ndiyo iliyonishika. Oryu, mkunga mzee, yuko karibu kukata roho na anawakumbuka vijana aliowapokea kwa mikono yake mwenyewe, wakafa kabla yake.

Shida ni neno "roji" (kwa Kijapani, njia nyembamba kati ya nyumba), ambalo Nakagami analitumia kama jina la mtaa wa watu wake. Nimejaribu "uchochoro", wenzangu wawili wakadhani ni njia tu ya kupita. "Mtaa wa mabanda" nao unasema umaskini, hausemi nasaba. Naona vibaya kumpunguzia maana.

Je, niliache "roji" lilivyo na kulieleza mwanzoni, au kuna neno la Kiswahili linalobeba mtaa na ukoo kwa pamoja? Na kwa wasiomjua kabisa, nianze na filamu ipi?

Natanguliza shukrani.