Waridi la kunukia, lisilokata maua, litakalovumilia joto la Tanga: lipo kweli?

Mpwa_wa_Ngamiani:

Habarini wakubwa kwa wadogo. Niko Tanga mjini, Ngamiani. Tuna uani wa wastani, jua linaingia tangu asubuhi mpaka kama saa nane, halafu ukuta unaleta kivuli. Mama anafunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia vya kuvaa, vya harusi na maulidi. Asumini anayo, mrehani upo, mkadi tunanunua. Waridi ndilo linalomtesa. Yale anayoletewa kutoka bara ni makubwa na ya kupendeza macho, ila harufu hakuna kabisa.

Mwaka juzi mama mkubwa alirudi kutoka Oman na mche wa waridi la Jabal Akhdar, lile wanalotengenezea marashi. Umeshika vizuri, sasa ni kichaka kinachonipita kiuno, majani safi, ua hata moja. Mwingine tulinunua kwa muuzaji wa miche wa barabarani. Ulikuja na ua jekundu, baada ya muda maua yakakata, yakatoka matawi marefu ya majani madogo madogo na miba mingi. Muuzaji anasema tuongeze mbolea.

Tunachotafuta ni harufu ya kweli, maua ya mwaka mzima, na mti usiotaka dawa kila wiki, maana petali hizo zinakaa vifuani na vichwani mwa watu. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvichumvi.

Mzenji_Maskati:

Huo mwaridi wa mama mkubwa msiulaumu. Uwanda wa Saiq kule Jabal Akhdar uko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Januari unavaa koti zito, na kuna usiku maji yanaganda. Mwaridi ule ni wa Damaski, unapitisha baridi umelala, kisha unachanua mara moja kwa mwaka, tangu mwisho wa Machi mpaka katikati ya Mei. Wanachuma asubuhi mapema jua halijawa kali, na maua hayalazwi, yanaingia jikoni siku ileile. Mei ikiisha ndiyo basi, mpaka mwaka mwingine. Hata huku Maskati chini watu wanapanda wanaambulia majani. Kwenu hausubiri mbolea, unasubiri baridi ambayo haitakuja.

Fundi_Naivasha:

Niongezee kwa ule wa pili. Huo ulibebeshwa, yaani aina moja iliungwa juu ya shina la aina nyingine. Huku kwetu shina la chini mara nyingi ni Natal Briar, mwaridi wenye nguvu sana unaobeba aina ya juu. Sehemu ya juu ikichoka kwa joto au ikikatwa vibaya, shina la chini linaamka na kujitwalia mti wote. Hayo matawi marefu ndiyo lenyewe. Angalieni pale kwenye kiungo: kama juu yake kuna tawi hai, ng'oeni kwa mkono yale yanayotoka chini yake. Mkiyakata kwa mkasi yatarudi mengi zaidi. Kama juu pamekauka, toeni mti mzima, mbolea inanenepesha shina la chini tu.

Kuhusu harufu, sisi tunalima ua la kusafiri. Mnunuzi wa Ulaya anataka lipande ndege na bado likae kwenye chombo zaidi ya wiki. Wazalishaji wa aina mpya wamechagua petali ngumu na shina refu lililonyooka kwa miaka mingi, harufu ikaachwa njiani. Kwa hiyo usihangaike kuotesha vijiti vya maua ya Valentine. Hata vikishika utapata uzuri uleule usio na harufu.

Bibi_Chumbageni:

Alaikum salaam mwanangu, na mama nisalimie. Kama ndiye ninayemdhania, vikuba vyake nimeshavivaa.

Waridi la pwani lipo, tena si la kisasa. Kuna kisiwa kinaitwa Réunion, huko mashariki ya Madagascar, bahari yetu hii hii. Zamani kikiitwa Bourbon. Wenyeji walizungushia mashamba yao ua wa miwaridi ya aina mbili: wa Damaski, ule unaorudia kuchanua mara ya pili kwa mwaka, na wa Kichina, ambao hauna habari na msimu. Ikazaana yenyewe palepale uani. Mwaka 1819 mbegu zake zikapelekwa Ufaransa kwa Jacques, mtunza bustani wa Duke wa Orléans, na kutoka hapo ukatoka ukoo mzima wa mawaridi ya Bourbon. Harufu walirithi kwa Damaski, kuzaa bila kupumzika walirithi kwa Mchina. Damu ya namna hiyo ndiyo unayoitaka wewe, iliyozoea joto na isiyodai baridi ili ichanue.

Katika wajukuu wa ukoo huo, ninaloliamini kwa pwani ni Gruss an Teplitz, la Rudolf Geschwind, lilitoka 1897. Wahindi na Wapakistani wanalilima kwa ajili ya mashada na petali za sherehe, na joto la Punjab unalijua. Lakini usiende kwa muuzaji na jina hilo, atakuitikia ndiyo na kukupa chochote. Nenda na dalili. Ua ni jekundu la kukolea, la ukubwa wa kati, shingo yake laini mpaka linainama. Majani machanga yana wekundu wa zambarau. Sugua petali moja kwa vidole: harufu inakaa vidoleni, na ndani yake kuna ukali kidogo wa viungo. Na ukanuse saa kumi na mbili asubuhi. Anayekuuzia mwaridi saa saba mchana huna namna ya kumhukumu, maana jua limeshachukua mafuta yote.

Usidanganywe pia na yale maua yaliyojaa petali mpaka yanashindwa kufunguka. Souvenir de la Malmaison ni Bourbon halisi, la 1843, na lina sifa zake, lakini masika ya hapa tumba linalowa, linafungamana, linaoza likiwa bado halijafunguka. Unalikamua linatoa maji ya kahawia. La petali chache ndilo la Tanga.

Sasa kuhusu kutokatika. Hakuna mwaridi unaotoa maua kila siku, hata huu. Unakuja kwa mawimbi. Ua linakaa ncha ya kila tawi jipya, kwa hiyo asiyekata hapati tawi jipya, na asiyepata tawi hapati ua. Ua likishachoka, au mama akishalichuma, usikate shingo tu. Shuka mpaka jani kamili la kwanza au la pili lenye vijani vitano linalotazama nje ya kichaka, kata juu yake kidogo kwa mshazari. Kwapani mwa jani hilo pana kidoti chekundu, ndicho tawi lijalo. Kwa joto letu hesabu wiki sita, saba, una ua jingine. Ukiacha tunda likomae, mti unaona kazi imekwisha na kupunguza mwendo.

Siri ni kupanda miti minne na kuipogoa kwa kupokezana: huu leo, ule baada ya wiki mbili, hivyo hivyo. Mmoja ukipumzika mwingine unatoa. Mama yako akiwa na harusi anaijua tarehe mapema, arudi nyuma wiki saba apogoe miwili pamoja.

Fundi_Naivasha:

Bibi umesema kweli. Sisi huku kwenye baridi tunahesabu zaidi ya hapo, kwa Valentine tunakata mwanzoni mwa Desemba. Hakuna uchawi, ni kalenda.

Bibi_Chumbageni:

Haya, umenisaidia. Nimalizie la maji, maana hapo ndipo miwaridi mingi ya hapa inapofia. Chumvi utaiona kingo za majani zikiungua kahawia. Kinga maji ya mvua ya bati kwenye pipa, na kila baada ya muda umwagie shina maji hayo kwa wingi mpaka chumvi isukumwe chini. Kama mnapanda ardhini na chini ni mawe ya matumbawe, majani yatapauka njano na mishipa yake kubaki kijani. Ardhi ile inauficha mti chuma. Chimba shimo pana, toa kifusi, jaza samadi iliyooza na mboji, au tumia nusu ya pipa lenye matundu.

Mwagilia shinani, asubuhi. Wanaosema mwaridi haufai pwani wengi ni wale wanaonyunyizia majani magharibi. Jani likilala na maji usiku kucha madoa meusi yanaota, halafu wanakimbilia dawa. Wakati wa kaskazi adui ni mwingine, utitiri mwekundu chini ya majani, utaona vumbi la njano na utando mwembamba. Elekeza mpira wa maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, asubuhi, siku kadhaa mfululizo. Utitiri hauupendi unyevu, na majani yanawahi kukauka jua likitoka. Mimi dawa siingizi kwenye ua la kikuba, hata nikiambiwa ni ya asili.

Mgongano na asumini usiuogope, ila usibananishe. Upepo upite katikati.

Mpwa_wa_Ngamiani:

Shikamoo bibi. Mama amecheka aliposikia habari za vikuba, anasema ni yeye huyo huyo. Maswali mawili: kijiti kinaoteshwaje hapa kwenye joto, na ule wa Jabal Akhdar tuung'oe?

Bibi_Chumbageni:

Marahaba mwanangu. Wa Jabal Akhdar kama mna ndugu Lushoto mpelekeeni, akaone baridi ya Juni na Julai. Uani kwenu unakula nafasi ya miti miwili.

Kijiti chukua kwenye tawi lililomaliza ua sasa hivi, unene wa penseli, urefu wa shubiri moja. Bakiza majani mawili juu, mengine toa. Choma nusu yake kwenye mchanga wa mtoni uliochanganywa na mboji kidogo, funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, kizibo ukitoe ili kipumue. Kivulini kabisa, chini ya mwembe ndipo pazuri. Ukikiweka juani ndani ya chupa utakipika. Wiki nne mpaka sita kivute kidogo, kikikataa kutoka kina mizizi. Na hakina kiungo, hakuna shina la chini la kukugeuka.

Vijiti njoo uchukue kwangu, nimekutumia ujumbe pembeni. Njoo Jumamosi kabla ya saa mbili, na gazeti lililolowa na ndoo yenye mfuniko. Na mama aje na kikuba kimoja, simtozi kingine.